Semina za akina baba zifuate mwezi

Mhariri,

Sisi wachungaji wa mwambao wa Mwanza hatuishi kulalamika kwamba akina baba hawaji kanisani. Lakini je, tumewahi kuitazama kalenda yao? Mvuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, taa zikivuta dagaa juu ya maji. Mbalamwezi ikishamiri taa hazifui dafu, mitumbwi inapumzika. Hizo ndizo siku baba yuko nyumbani Igombe au Kayenze, anashona nyavu huku mwanawe kamshikia uzi. Sisi semina tunaiweka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maana ndivyo ratiba ya ofisi ilivyo, kisha tunavihubiria viti vitupu Waefeso 6:4, andiko linalowaagiza akina baba wasiwachokoze watoto wao.

Napendekeza tufuate mwezi wa angani. Na baba aje na watoto wake; Yakobo na Yohana walikuwa chomboni pamoja na baba yao Zebedayo, wakitengeneza nyavu, Yesu alipowaita. Tuache pia kuwasema vibaya akina baba mimbarani (wake zao wanasikia, na watoto vilevile). Michango ya ujenzi isitajwe kabisa siku hiyo. Wanaijua.

Mchungaji,
Ilemela, Mwanza