Wimbo wa sita ni wako

Minneapolis, 3 Novemba 2023

Kwa shoga yangu Mwanaisha,

Salaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u buheri wa afya, wewe pamoja na shemeji na watoto, na kwamba joto la Muscat limeanza kupungua. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baridi imekwisha kuingia na magoti yangu hayaipendi. Mama mkubwa wa Tanga alinipigia simu Ijumaa iliyopita, anakusalimu sana, na anasema ile habari ya mahari bado haijaelewana. Hayo tutayazungumza siku nyingine, maana nikiyaanza leo sitayamaliza.

Najua ni miaka mingi hatujaandikiana kwa kirefu, ukiacha salamu za Idi na pole za misiba. Kilichonifanya nishike kalamu ni barua pepe niliyoipata wiki mbili zilizopita kutoka kwa bwana mmoja wa Norway. Bwana huyo aliinunua CD yetu ya nyimbo mwaka 2001, ameisikiliza miaka yote hii bila kujua neno hata moja la Kiswahili, na sasa imegoma kucheza kuanzia wimbo wa sita. Aliniuliza, kwa adabu nyingi, kama naweza kumuuzia nyingine. Nilifurahi mno, nikaenda kabatini kumtafutia, na tangu siku hiyo sijapata usingizi wa maana.

Mwanaisha, katika CD kumi na nne nilizokuwa nimezibakiza, ni mbili tu zinazosomeka, na hizo mbili nazo zinakwama katika wimbo wa sita, pale pale unapoingia na kiitikio. Unazikumbuka zile karatasi za duara zenye gundi, tulizokuwa tukizibandika kwa mikono miwili ili zisikae upande? Gundi hiyo ndiyo iliyotuponza. Imekauka, karatasi imejikunja, na ule utando wa rangi ya fedha, ambao katika CD za kuchoma hukaa upande wa juu chini ya vanishi nyembamba tu, umebanduka nayo. CD husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na ukingoni ndiko karatasi inakoanza kujikunja, kwa hiyo nyimbo za mwanzo zimepona na za mwisho zimekwenda. Niliinua moja mbele ya taa ya jikoni nikaona mwanga unapenya kama kwenye chujio la tui.

Kanda mama ninayo, ile ndogo ya DAT, kanda ya sauti ya kidijitali, tuliyokabidhiwa studio siku ya mwisho. Mashine ya kuichezea ndiyo sina, kwa kuwa Sony waliacha kuzitengeneza mwaka 2005 na zilizobaki duniani ni nzee kama mimi na wewe. Nilimpata fundi mmoja aliyekuwa nayo, nikampelekea kanda, na mashine yake ikaitafuna. Alinirudishia ikiwa imekunjamana ndani ya mfuko wa plastiki, akaniomba radhi, nami sikuwa na la kumwambia.

Hapo ndipo nilipoielewa kwa mara ya kwanza kazi tuliyokuwa tukiifanya. Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, kampuni ya santuri ndiyo iliyokuwa na mitambo, chapa na ghala, na santuri zake zikasambaa mwambao mzima kiasi kwamba hata leo wapo wanaozitunza. Sisi tulikuwa kampuni, kiwanda, ghala na tarishi, vyote juu ya meza moja ya jikoni. Tulijivunia kwamba hakuna mtu juu yetu, nami najivunia hadi leo. Lakini mtu asiye na kampuni juu yake hana pia ghala nyuma yake, na hilo hatukulifikiria hata siku moja.

Nimeikumbuka sana meza ile. Mashine yetu ilichoma kwa kasi ya mara nne, kwa hiyo albamu ya dakika 48 ilichukua dakika kumi na mbili, na katika dakika hizo hatukuruhusiwa kugusa kompyuta, kwa sababu ikichelewa kidogo tu kuilisha mashine, CD imekufa na dola moja imekwenda nayo. Wewe ulikuwa ukivua ndara ili sakafu ya mbao isitikisike, ukisimama na birika mkononi, humimini chai mpaka droo ifunguke. Nami nilikuwa nikisoma asilimia kwa sauti ya chini: themanini, tisini, tisini na tano. Ikifunguka salama unasema "Alhamdulillahi" na ndipo chai inamiminwa.

Na unakumbuka tulivyoijua CD Baby, lile duka la intaneti lililotuuzia CD? Tulikuwa tumekwisha kuzisoma habari za mwimbaji Ani DiFranco wa Buffalo, aliyeanzisha chapa yake ya muziki ya Righteous Babe mwaka 1990 akiwa binti wa miaka ishirini hivi, akazikataa kampuni kubwa zilizomfuata, na wewe ukasema kama yeye ameweza kwa gitaa moja, sisi tunashindwa nini. Lakini yeye alikuwa na gari na barabara za Marekani. Sisi tulikuwa na masomo na zamu za usiku. Ndipo tukasikia kwamba Derek Sivers, mwanamuziki kama sisi, alitaka kuuza CD yake mwenyewe kwenye intaneti kule Woodstock mwaka 1998, akajenga duka la CD yake, rafiki zake wakamwomba awauzie na zao, na duka likawa la kila mtu. Dola 35 za kuandikishwa, bei unaipanga mwenyewe, wao wanachukua dola nne kwa kila CD. Tuliandika dola 12, zikabaki nane kwetu. Malipo yalikuja kila wiki palipokuwa na mauzo, nasi tulipewa jina la kila aliyenunua, jambo ambalo wasambazaji wa zamani hawakuwahi kumpa msanii yeyote. Majina hayo yote nimeyaandika kwenye lile daftari la kijani. Yule bwana wa Norway ni wa 31.

Wasanii wengi wa wakati ule walitegemea zaidi MP3.com, kwa kuwa kuweka wimbo kule hakukugharimu kitu, na kuna wakati tovuti ile iliwalipa kwa kadiri walivyosikilizwa. Ilipofungwa Desemba 2003, nyimbo zaidi ya milioni ziliondolewa, na wapo waliokuwa hawana nakala nyingine popote. Nilikuwa nikiwahurumia. Nilijiambia kwamba za kwetu ziko salama, ziko kabatini, nazishika kwa mkono wangu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo nimelizunguka kurasa mbili nzima na kabla ya hapo nililizunguka miaka ishirini na mbili.

Wimbo wa sita si wangu. Beti zote nne ulizitunga wewe, mizani kumi na sita kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vimetimia, ukiwa umekaa juu ya kikapu cha nguo kule chini kwenye mashine za kufulia, ukiandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Mimi nilitia sauti tu. Kiitikio ulikiimba wewe, mara moja, bila kurudia, na kila aliyeniandikia kuhusu CD ile, tangu Osaka hadi Nairobi, aliutaja wimbo huo kabla ya nyingine yoyote. Juu ya kava niliandika kwamba nyimbo zote zimetungwa na kuimbwa na mimi.

Nakumbuka usiku ulipoliona. Makava yalikuwa yametoka kwenye printa, wino haujakauka vizuri, nawe ulikuwa ukiyakata kwa wembe na rula. Nilikuona ukiliinua moja, ukalisoma, ukaliweka juu ya rundo, ukachukua la pili ukaendelea kukata. Hukusema neno. Ulikata yote mia moja, na pembe zake zilikuwa sawasawa kama za kiwandani. Nilipaswa kuusimamisha mkono wako pale pale.

Nilijiambia wakati ule kwamba fomu ya kuandikisha albamu ilikuwa na nafasi ya jina moja la msanii. Nafasi ya msanii ilikuwa moja kweli, lakini kava tulilichapa wenyewe, na hakuna mtu duniani aliyenizuia kuongeza mstari. Ukweli ni kwamba nilitaka jina liwe langu peke yangu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nilikuwa nimechoka kuwa mtu asiyejulikana katika mji wa watu wengine, na nilipoliona jina langu limechapwa sikutaka kuligawa. Nisamehe, shoga yangu. Hilo ndilo nililoshindwa kukuambia ulipokuwa ukifunga mizigo yako mwaka 2002, nikakusindikiza hadi uwanja wa ndege nikizungumza habari za hali ya hewa.

Binti yangu anataka kuziweka nyimbo hizi kwenye mtandao, pamoja na hizo za vijana. Fomu ya siku hizi inauliza kila mtunzi wa kila wimbo na fungu lake, na mafungu yote lazima yatimie asilimia mia. Nimekaa mbele ya fomu hiyo siku tisa. Nataka kuandika kwamba maneno ni ya Mwanaisha na sauti ni ya Rehema, nusu kwa nusu, na jina lako liwekwe kama mwimbaji wa kiitikio, lakini siwezi kuiandika nusu yako bila idhini yako, na sitaki kukufanyia jambo la pili bila kukuuliza.

Kuna na fedha. Nimelifungua daftari: CD 214 ziliuzwa dukani, dola nane kwa kila moja ni 1,712, nyingine 63 tuliziuza mkononi kwenye sherehe kwa dola kumi, ambazo ni 630. Nyimbo zilikuwa tisa, na nusu ya wimbo mmoja ni yako. Inafika dola 130. Sikutoa gharama yoyote, kwa kuwa karatasi na wino tulinunua pamoja. Najua haitoshi hata nauli, lakini ni yako na imekaa kwangu muda mrefu mno.

Na hapa ndipo ninapokuomba. Ulipoondoka ulichukua CD kumi, zile tulizozichoma karatasi za kubandika zilipokuwa zimekwisha, ukaziandika kwa kalamu ya wino mzito. Kwa kuwa hazikupata gundi, huenda ndizo pekee zilizo hai. Ukiipata hata moja, usiitie kwenye redio ya gari, usiiweke juani, wala usiitume kwa posta kabla haijanakiliwa. Mtafute kijana mwenye kompyuta ya zamani yenye droo ya CD, aisome kwa kasi ndogo, na aihifadhi kama faili la WAV, lisilobana sauti, si MP3, hata akikuambia ni kubwa mno. Dakika moja ni kama megabaiti kumi. Wimbo wa sita peke yake hautafika sitini. Faili la MP3 kama tulizokuwa tukizituma kwa modemu lingebaki na sehemu moja tu kati ya kumi na moja, na sauti yako katika kiitikio kile ni nyepesi, sitaki ipunguzwe hata chembe. Ikikwama, ajaribu kwenye mashine nyingine, kwa maana moja hushindwa na nyingine husoma.

Je, bado unazo? Zimo kwenye sanduku lile la bluu, au shemeji alizigawa kwenye harusi ya mdogo wake kama alivyokuwa akitishia? Ubeti wa nne unaukumbuka? Mimi nimebaki na tatu, na wa nne napata vina tu bila maneno. Jina lako ungependa liandikwe la baba yako au hili la sasa? Kama hutaki wimbo utoke kabisa, utaniambia kweli, au utanyamaza kama usiku ule? Na miaka yote hii ulikuwa na kinyongo nami, au ni mimi niliyekukimbia na wewe ulikuwa ukisubiri tu nizungumze?

Yule bwana wa Norway nimemwambia asubiri, kwamba wimbo una mwenyewe na mwenyewe hajaulizwa. Amejibu kwamba atasubiri. Ukiipata CD, nipigie kabla hujaigusa, saa yoyote, hata kama huku ni usiku wa manane.

Shoga yako,
Rehema