Mhariri, vichwa vya treni angalieni pua

Mhariri,

Makala yenu ya treni za zamani za Marekani nimeisoma yote, picha kali, ila mliposema vile vichwa vya dizeli vya mwanzo ni kitu kimoja kasoro rangi tu, na kwamba pua zao ni pambo, hapo mmeteleza. Alafu ile treni ya M-10000 ya kampuni ya reli ya Union Pacific ya 1934 mliyoiweka juu kabisa kwenye dizeli zenu wala sio dizeli, injini yake ilikuwa ya plagi kama ya gari la petroli. Dizeli ni treni ya Zephyr ya kampuni ya reli ya Burlington, mwaka huohuo, ile iliyotoka Denver asubuhi ya Mei 26 ikaingia Chicago jioni, maili 1,015 kwa saa 13 na dakika 5 bila kusimama popote.

Sasa pua. Kwenye treni hizo mbili dereva alikaa mbele kabisa, yaani lori likikatiza reli yeye ndo anaanza kugongwa. 1937 watengenezaji wa vichwa, Electro-Motive, walipotengeneza EA, kichwa cha kwanza cha aina ya E, kwa ajili ya reli ya Baltimore & Ohio wakampandisha juu wakamrudisha nyuma ya pua ndefu iliyolala, kwahiyo hilo mnaloliita pambo kwa dereva lilikuwa ngao. Baada ya hapo kila kampuni ya reli ikataka sura yake. Santa Fe wakachukua E1 nyekundu na fedha, sawa hiyo ni rangi, nawapa. Lakini E2 za treni za City of San Francisco na City of Los Angeles pua imevimba kabisa, na E4 ya Seaboard ina mlango puani ili vichwa viwili vikiungwa pua kwa pua watu wapite ndani kwa ndani, na E5 ya Burlington imevalishwa stenlesi ya mifereji mwili mzima ili ilingane na mabehewa yake. Mlango nao ni rangi jamani?

Tumboni nakubali vinafanana. EA ilikuwa na injini mbili za Winton, kila moja hospawa 900, kuanzia E3 zikawa mbili za 1,000, na kutoka hapo mpaka E6 ni ndugu wa baba na mama mmoja. Hata bogi, yaani fremu za magurudumu chini ya kichwa, ni zilezile, ekseli tatu, ya katikati inabeba uzito tu haisukumi. Ndo maana nasema ukitaka kuvijua angalia usoni: E7 ya 1945 pua imesimama zaidi, E8 ya 1949 ina madirisha ya duara ubavuni, mtu akizoea anazitaja kwa mbali kabla hajasoma namba.

Mmeahidi sehemu ya pili wiki ijayo. EA namba 51 bado ipo kwenye makumbusho ya reli Baltimore, na E5 moja ipo Illinois, wekeni picha zake ubavu kwa ubavu, alafu ile M-10000 mwandikieni maelezo mapya.

Msomaji wenu,
Morogoro