Uchaguzi wa bodi za AMCOS: majina tuyaone mapema na kura iwe ya siri

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako nisemee hili la uchaguzi wa bodi za AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa mazao, huku kwetu kusini, maana kila wakati wake ukifika tunanuniana wenyewe kwa wenyewe, halafu msimu ukianza yanasahaulika, mpaka siku hela ya korosho ichelewe au yatokee makato yasiyoeleweka ndio utasikia watu wanaulizana kwenye vijiwe, kwani hii bodi kaiweka nani? Tumeiweka sisi. Ila namna tulivyoiweka ndio kasheshe lenyewe.

Tangu mfumo wa kuuza kwa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho hapa Mtwara msimu wa 2007/08, mzigo wa mkulima unapita kwenye ghala la chama cha msingi, unapimwa, unaenda ghala kuu, unaingia mnadani, hela inarudi kwa njia ya benki. Kwa hiyo wale wajumbe wa bodi wanaoajiri meneja na kumsimamia mtunza ghala wana nguvu kwenye maisha yetu kuliko diwani, na hapo sitii chumvi. Diwani unaweza kukaa mwaka mzima hujamtafuta, mwenyekiti wa AMCOS utamtafuta tu.

Sasa angalia wanavyopatikana. Kwenye chama changu, jina naliacha, mkutano mkuu unaanza na mahesabu, yanasomwa haraka haraka mpaka saa nane mchana, watu wana njaa, akina mama wameshaanza kuondoka kwenda kupika, hapo ndio unasikia "sasa tunaingia kwenye uchaguzi, nani ana pendekezo". Mikono inanyooka mbele pale pale walipokaa watu waliopangwa, yanatajwa majina saba kwa viti saba, na kabla wa nyuma hajasimama vizuri kuna mtu anapiga kelele "tufunge mapendekezo!" na wenzake wanaitikia tufunge, tufunge. Imeisha hiyo. Mtu kama mimi niliyekuwa na jina la kijana mmoja msomi na mkulima mzuri tu wa kitongoji cha pili nimebaki nalo mdomoni.

Na ikitokea majina yamezidi viti tunaambiwa tunyooshe mikono. Hivi kweli jamani! Mwenyekiti anayemaliza muda ndio huyo kakaa meza kuu anatutazama, na salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, zikija ni yeye anayesimamia kugawa, nani atanyoosha mkono kumkataa mbele ya macho yake wakati mikorosho inasubiri kupulizwa? Mama mmoja jirani yangu ananyoosha kwa kila jina linalotajwa, nilipomuuliza akanijibu "baba, mimi sitaki ugomvi na mtu". Pale pembeni pia wamesimama wanunuzi wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa magendo nje ya chama, ambao nusu ya mkutano ina madeni kwao, nao wanaangalia mikono.

Ushirika dunia nzima una kanuni yake ya mwanachama mmoja kura moja, uwe na ekari mia au miti kumi, na hiyo ndio heshima yake. Lakini kura inayopigwa mbele ya anayekudai au anayekugawia pembejeo siyo yako, unampigia yeye.

Ninachoomba mimi ni masharti ya chama, yaani kanuni zake za ndani, yarekebishwe na yapelekwe kwa Mrajisi wa vyama vya ushirika yakasajiliwe, yaandikwe kabisa namna ya kupendekeza na namna ya kupiga kura, tusiachie busara ya meza kuu. Mapendekezo yafunguliwe mapema, angalau wiki mbili kabla ya mkutano, fomu ziwe bure, mgombea adhaminiwe na wanachama wachache, halafu majina yabandikwe kwenye mlango wa ghala ambapo kila mtu anapita. Hizo wiki mbili ndio watu watasema huyu anadaiwa na chama, huyu ananunua kangomba usiku, huyu korosho zake hajawahi kuzileta hapa. Mambo hayo ukiyasema siku ya mkutano unaonekana mchonganishi, ukiyasema mapema kwa maandishi ni pingamizi, linajibiwa kwa ushahidi na risiti.

Najua kuna watakaosema fomu ndio mlango wa kuengua watu. Ni kweli, tulishuhudia uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 jinsi wagombea wengi walivyokatwa kwa sababu za kujaza fomu vibaya, herufi hapa, muhuri pale. Kwa hiyo sharti liseme wazi kosa dogo la uandishi linarekebishwa ndani ya siku chache na wala halimtoi mtu, na anayepokea fomu ampe mgombea nakala iliyogongwa muhuri, asije akaambiwa fomu yako hatujaiona. Na asiyeruhusiwa kupokea fomu awe nani? Yeyote anayetetea kiti chake, pamoja na meneja anayeajiriwa nao.

Hapa kwenye karatasi yenyewe ndio nina maneno mengi. Mwaka mmoja tulipiga kura ya karatasi kweli, vipande vya daftari, ndoo ikawa sanduku, nikafurahi, kumbe msimamizi akatangaza kwamba viti ni saba na karatasi isiyo na majina saba imeharibika. Watu hawakulielewa hilo lina maana gani. Mimi nawajua wagombea watatu ninaowaamini, unanilazimisha nijazie wanne nisiowataka ndio wale watatu wahesabiwe. Wazee wetu waliwahi kufanyiwa hivyo hivyo na mkoloni, ile kura tatu ya 1958 na 1959, mpigakura lazima achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, ukiacha mmoja kura yako haina kazi, TANU, chama kilichokuwa kinadai uhuru, walibishana sana Tabora mpaka wakakubali kuingia nayo hivyo hivyo. Sasa sisi tuna chama chetu wenyewe, cha korosho zetu, tunajiwekea sheria ya gavana! Sharti liwe ukizidisha majina karatasi imeharibika, ukipunguza ni halali.

Tena mimi naenda mbali zaidi, nasema viti vikiwa saba mtu apige majina manne tu. Chukua watu mia moja, 51 wa kijiji kikubwa wamekubaliana na 49 ni wa vitongoji vya pembeni. Kila mtu akipiga saba, wale 51 wanabeba viti vyote saba na wale 49 hawapati hata kimoja, wataongozwa na watu wa upande mmoja na ghala litajengwa huko huko. Kila mtu akipiga manne, wale 51 wanapata wao wanne na wa pembeni wakishikamana wanapata watatu. Wengi bado wameshinda, ila wachache wana mdomo ndani ya kikao. Wapo wanaotaka kila kijiji kitengewe kiti chake, nayo siyo mbaya, lakini vijiji vyenyewe vikiwa viwili na kimoja ni kikubwa mara tatu ya mwenzake mtaanza kugombania mgawanyo.

Wazee wasiosoma nao wafikiriwe. Mwaka 1965 wagombea ubunge walikuwa wanapewa alama, mmoja jembe mwingine nyumba (na aliyepata jembe alishukuru Mungu, kwa nchi ya wakulima unategemea nini). Leo picha za wagombea unachapa mjini kwa hela ndogo tu, hakuna haja ya mzee kunong'onezewa na karani "nikuandikie nani". Mpangilio wa picha kwenye karatasi upatikane kwa bahati nasibu, wa zamani wasikae juu kila mara.

Na hili la kupita bila kupingwa silitaki kabisa. Mwalimu Nyerere mwenyewe kuanzia 1965 mpaka 1980 alikuwa peke yake kwenye karatasi ya urais lakini wananchi walipewa ndiyo na hapana, sasa mjumbe wa bodi ya AMCOS ni nani mpaka apite kwa makofi? Akiwa peke yake apigiwe ndiyo na hapana, hapana zikizidi kiti kitangazwe upya.

Kuhesabu kuwe pale pale mbele za watu, karatasi moja moja inanyanyuliwa, inasomwa kwa sauti, mistari inapigwa ubaoni, na wahesabuji wasiwe wagombea wala watumishi wa chama.

Maafisa ushirika wa wilaya, kuanzia Newala, Tandahimba, Masasi mpaka kule Ruangwa na Liwale, wanaalikwa kwenye hii mikutano na wanakaa meza kuu. Naomba kupitia gazeti lako watujibu, mwanachama wa kawaida akitaka sharti libadilishwe anaanzia wapi kama ajenda zinapangwa na bodi ile ile? Nimeomba nakala ya masharti ya chama changu nikaambiwa iko kwenye kabati na funguo anayo katibu. Wabandike na hiyo mlangoni.

Mkulima wa korosho,
Tandahimba, Mtwara