Mgeni wa Afrika Kaskazini aanzie makumbusho, na makumbusho yawataje mafundi

Mhariri,

Makala za safari unazochapisha zinapofika Afrika Kaskazini, mara nyingi huishia kwenye piramidi, fukwe na masoko. Naomba nafasi niyatetee majumba ya makumbusho ya sanaa na kazi za mikono ya huko, kwa kuwa naamini kwamba mgeni anayeingia sokoni Fes au Tunis kabla ya kuyazuru huwa ananunua asichokijua.

Nilipofika Fes, nchini Moroko, nilianzia Nejjarine, jina ambalo maana yake ni maseremala. Jengo hilo ni nyumba ya wageni ya karne ya 18, ambamo wafanyabiashara walilala ghorofani huku wanyama na bidhaa zao zikibaki chini, nalo lilikarabatiwa na kufunguliwa mwaka 1998 likiwa makumbusho ya kazi za mbao. Mna makufuli ya mbao, milango, masanduku, mbao walizoandikia watoto wa chuo cha Kurani na zana za maseremala wenyewe. Hata hivyo, kilichonishika zaidi ni ule ua wa katikati, uliozungukwa na ghorofa zenye kingo za mwerezi zilizochongwa, na nilikaa hapo muda mrefu nikitazama juu tu. Nilipotoka nilikuta vichochoro vya maseremala hatua chache kutoka mlangoni, na kwa mara ya kwanza nilielewa kila pigo la patasi lilikuwa linatafuta nini.

Majumba mengi ya aina hii yako hivyo: nyumba yenyewe ni sehemu ya maonyesho. Dar Si Said ya Marrakech, yenye mazulia na kazi nyingine za kufumwa, ilikuwa kasri katika karne ya 19, na Dar Ben Abdallah ya Tunis nayo ni kasri la zamani. Cairo, ubavuni mwa msikiti wa Ibn Tulun, liko jumba la Gayer-Anderson, ambalo ni nyumba mbili za karne ya 16 na 17 zilizounganishwa kwa daraja. Huko ndiko mahali pa kuitazama mashrabiya kwa utulivu, lile dirisha la kimia cha mbao linaloruhusu upepo kupita na kumwezesha aliye ndani kuona nje bila yeye kuonekana. Jina lake linatokana na neno la Kiarabu la kunywa, ukoo mmoja na sharubati yetu, kwa sababu mitungi ya maji iliwekwa hapo ipoe. Vipande vyake vidogo hukerezwa kimoja kimoja na kuchomekwa bila misumari, ili mbao zipate nafasi ya kutanuka na kusinyaa kadiri joto na unyevu wa hewa vinavyobadilika. Mtu akiisha kulielewa hilo, hawezi tena kuliita pambo tu.

Lakini nina malalamiko. Katika jumba moja nilisimama mbele ya bizimu za fedha za wanawake wa Kiamazigh, yaani Waberberi, wenyeji wa asili wa Afrika Kaskazini, zenye marijani na rangi za kioo kilichoyeyushwa, buluu, kijani na manjano, na kibao kilichokuwa pembeni kilitaja fedha na karne, basi. Hakikusema bizimu ilifungwaje begani, rangi ziliunguzwaje, wala nani aliyeifua. Jambo hilo liliniuma, hasa kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hizi ilifanywa na wanawake ambao majina yao hayakuandikwa popote. Wanawake wa Sejnane, kaskazini mwa Tunisia, huchimba udongo wao wenyewe, huufinyanga bila gurudumu, huuchoma kwenye moto wa wazi na kuupamba kwa rangi nyekundu na nyeusi; UNESCO iliuingiza ujuzi wao katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2018. Wafinyanzi hao wapo, wanaweza kuulizwa, na majina yao yanaweza kuandikwa kwenye vibao.

Hili si suala la adabu peke yake. Tarehe 24 Januari 2014 bomu lililotegwa ndani ya gari, likiwa limelenga makao ya polisi ng'ambo ya barabara, liliharibu vibaya Jumba la Sanaa ya Kiislamu la Cairo, na taa za kioo za misikiti ya kale zilikuwa miongoni mwa vilivyovunjika. Jumba lilifunguliwa tena Januari 2017, baada ya kazi ndefu ya mafundi wa kukarabati. Kazi ya namna hiyo humtegemea mtu anayejua kitu kilitengenezwaje, na ujuzi huo usipoandikwa mapema, kipande kilichovunjika kitabaki kipande.

Kwa hiyo nakuomba, mhariri, waandishi wako watakapokwenda tena Fes, Tunis au Cairo, watenge siku nzima kwa majumba haya, kisha wamtafute mfumi mmoja au mfinyanzi mmoja, wamwulize kazi yake inafanywaje, na walichapishe jina lake.

Msomaji wako wa siku nyingi