Barua kwa Mwanangu: Mbona Unanyamaza Darasani?

Muheza,
Jumapili usiku

Mwanangu Mwanaidi,

Nimetoka kuongea na wewe kwa simu ya matroni na roho haijatulia, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kila nililokuuliza umejibu "nzuri tu, mama." Masomo? Nzuri tu. Chakula? Nzuri tu. Chakula kinakuwaje "nzuri," wewe uliyekuwa ukimsahihisha hata bibi yako akikosea kusema? Hapo ndipo nilipojua mawazo yako hayapo kwenye simu.

Halafu Zuhura, huyo mnayesoma naye shule moja, alipita juzi kunisalimu. Walimruhusu kuja kutibiwa malaria, sasa amepona na kesho anarudi. Bila hila yoyote akaniambia wewe mdogo wake unakaa benchi la nyuma kabisa, na mwalimu akiuliza swali unainama chini ya dawati kama kalamu imekudondoka. Usimnunie Zuhura. Ndiye anayekuletea barua hii na kifurushi, na mimi ndiye niliyembana mpaka akasema.

Mwanaidi, mbona unanyamaza?

Najua ni Kiingereza. Huna haja ya kunificha. Miaka saba yote umefundishwa kwa Kiswahili, hesabu kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, usanisinuru ulikuwa unatueleza hapa barazani mpaka baba yako anasinzia. Ukamaliza la saba Septemba, ukaanza kidato cha kwanza Januari, kila kitu kimegeuka isipokuwa somo la Kiswahili na ile Historia ya Tanzania na Maadili. Sasa mtu akikuuliza kwa Kiingereza jambo ambalo unalijua tangu darasa la tano, unaona kama hulijui. Unalijua. Akili yako haikupotea kwenye likizo moja.

Zuhura anasema wapo watoto waliosoma shule za msingi za Kiingereza, ndio wanaonyoosha mikono mwalimu hajamaliza hata swali. Waache wanyooshe. Hao wametangulia kwenye lugha, hawajakutangulia kwenye kila kitu. Ila ukiwaachia darasa lote mpaka mwezi wa sita, watakuwa wametangulia kweli, na hapo sitakuwa na la kukutetea.

Mimi Kiingereza siwezi kukusaidia, unajua. Mwaka tuliomaliza la saba sisi, hizi shule za kata zilikuwa bado hazijaenea, na darasa zima lilitoa watu wa kuhesabu kwa vidole wa kwenda sekondari. Sikuwemo. Nilichojifunza nimejifunzia kwenye cherehani, basi nikwambie la kwenye cherehani. Yule binti aliyekuja kujifunza kwangu kabla ya huyu wa sasa, mpole, mtiifu, kila nikimweleza anaitikia "nimeelewa, dada." Siku nikamwachia kitenge cha mteja akate gauni. Maua yake yalikuwa yana juu na chini, na yeye hakujua kipande cha mbele kinalazwaje, akaona haya kuniuliza maana nilikuwa na watu. Akakata. Mbele maua yamesimama, nyuma yamepinduka miguu juu. Kitenge nikakilipa mimi. Angeuliza ningemwambia kwa sekunde mbili, na wale wateja waliokuwepo wala wasingekumbuka kama ameuliza.

Kwa hiyo uliza. Ukishindwa kuuliza kwa Kiingereza mbele ya watu, ngoja kipindi kiishe umfuate mwalimu mlangoni, umwombe radhi umuulize kwa Kiswahili. Walimu wengi wamepita njia hiyohiyo, nao walitoka shule za msingi kama yako. Wapo watakaokujibu vibaya, sitakudanganya. Muulize mwingine, au muulize Zuhura wakati wa prepo, amenihakikishia hatakuchoka.

Nasikia pia mkisikika mnaongea Kiswahili nje ya darasa mnaandikwa majina. Sheria ya shule ifuate, sikutumi ukagombane na viranja. Lakini anayekaa kimya siku nzima ili asiandikwe jina naye hajaongea Kiingereza hata neno moja. Ongea kibovu. Wakicheka wacheke, meno ni yao. Baba mdogo wako, yule dereva wa watalii Arusha, alianza na maneno ambayo hata mimi nilikuwa namcheka, leo wazungu wanamtafuta kwa jina.

Kitu kingine ambacho sikukipenda. Daftari lako la Biolojia ulilompa Zuhura alete nilione, nimelifungua. Mwandiko mzuri, mistari umepiga kwa rula, vichwa vya habari kwa kalamu nyekundu. Nikafurahi, nikamwonyesha hata fundi wa jirani. Baadaye Zuhura akanisomea, akaniambia kuna sehemu umenakili ubaoni neno limekatika katikati, na mstari unaofuata umeanzia kwenye sentensi nyingine kabisa. Maana yake ulikuwa unachora, husomi unachoandika. Usijidanganye kwa usafi wa daftari. Kamusi niliyokununulia naona haina hata alama ya kidole. Kila jioni chukua ukurasa mmoja tu wa ulichoandika siku hiyo, maneno usiyoyajua tafuta, andika maana kwa penseli pembeni. Ukurasa mmoja. Halafu ufunge daftari ujieleze lile somo kwa Kiswahili kwanza, ukiona limekaa, jaribu kwa Kiingereza. Usikariri usichokielewa. Novemba ya mwakani kuna upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, na asiyefaulu hasongi mbele. Sikutishi, ila siku zinakimbia.

Na hamia mbele. Kama madawati ya mbele yamejaa, la tatu linatosha. Nyuma wanakaa warefu na wanaosinzia, wewe si mrefu.

Nilikwambia pale stendi usinililie kwenye simu. Yale yalikuwa ya stendi, gari linapiga honi na konda anagombana na mtu wa mizigo. Ukitaka kulia, lia, mradi uniambie unalilia nini.

Usidhani nakusema tu. Siku jina lako lilipotoka kwenye orodha ya TAMISEMI ya waliochaguliwa kwenda sekondari, baba yako alikwenda kulisoma kwenye simu za watu watatu tofauti kana kwamba kila simu ina orodha yake. Shangazi yako wa Korogwe anatangaza kwa majirani kuwa binti yake yuko bweni. Umekuwa binti yake sasa. Na mimi hapa, kila mteja akileta mtoto nimpime sketi ya shule, nitamtajia tu shule yako hata hajaniuliza. Kwa hiyo ninyamazie mimi ukitaka, lakini darasani usinyamaze.

Mambo ya bwenini. Hiyo sketi yako nimeiachia pindo la inchi tatu kwa ndani, ukirefuka usikimbilie kuomba nyingine, fumua pindo uliteremshe, ushone upya. Sindano na uzi viko kwenye mfuko mdogo wa tranka. Ufunguo wa tranka uufunge kwenye uzi uvae shingoni. Usiuweke chini ya mto, kila mtu anaangalia huko kwanza. Ndoo zote mbili ziandike jina kwa rangi ya kucha, kalamu ya wino inafutika. Kwa vile unalala kitanda cha juu cha dabo deka, chandarua chomeka chini ya godoro kabla hujalala, usingoje mpaka taa zizimwe. Zuhura ametoka kuumwa, unaona mwenyewe.

Pedi nimekuwekea pakiti mbili. Zikiisha kabla hatujaja, mwambie matroni, usikae bwenini kukosa vipindi kwa aibu. Hilo nalo ni kunyamaza. Nimeshaongea naye, ni mtu mzima mwenzangu na ana mabinti.

Kwenye kifurushi utakuta ubuyu, karanga za kukaanga, sukari nusu kilo, na sabuni ya mche nimeikata vipande ili usiazimwe mche mzima ukapotea. Karanga gawana na wenzako wa kitanda cha chini na cha jirani. Sukari usigawe. Shilingi elfu kumi nimempa Zuhura ampe matroni akutunzie. Chukua kidogo kidogo, na usinunue maandazi kila mapumziko kwa sababu uji wa shule haukupendezi.

Huku nyumbani Hamza amehamia kitanda chako siku ileile ulipoondoka, hata shuka halijapoa. Nimemwambia ukija likizo anarudi kwenye mkeka, amekubali kwa mdomo. Yule kuku wako mweusi ameatamia nyuma ya pipa, mayai tisa, bibi yako anamlinda na kicheche kwa fimbo. Mguu wa bibi umepungua uvimbe lakini bado anakataa kuacha chumvi. Anakuuliza kama huko mnapika maharage mabichi, maana ameota unaumwa tumbo.

Baba yako anatafuta mabati matatu ya kuziba kule jikoni kabla masika hayajafika. Pesa ya mabati ilikuwepo, ikaingia kwenye godoro, jembe na rimu ya karatasi. Sikwambii ili uhuzunike. Ada hatulipi, tunashukuru, lakini ile orodha ya vitu vya bweni nayo ilikuwa na mambo yake. Januari hii sare za shule zimeniletea kazi nyingi, nikimaliza kudai wanaodaiwa mabati yatapatikana. Mama wa duka la kona bado anadaiwa sketi mbili na anapita upande wa pili wa barabara.

Jumapili ijayo nitapiga tena saa kumi jioni, matroni amekubali. Sitakuuliza masomo yanaendeleaje, maana jibu lako ninalo tayari. Nitakuuliza wiki hii umemuuliza mwalimu gani, swali gani, na amekujibuje. Uje na la ukweli hata likiwa moja. Mwalimu wa Hesabu nakushauri uanze naye, kwa kuwa hesabu ulikuwa unaziweza na namba ni zilezile.

Na ule mfuko wa kitambaa uliobeba kifurushi umrudishie Zuhura aje nao likizo, ni wa mteja.

Wasalaam,
Mama yako