Nishati safi sawa, ila ni ya nani?

Mhariri,

Naomba kanafasi gazetini, nikizidi sana we kata tu. Kila mkitoa habari ya nishati safi naisoma mpaka mwisho na kila mara nakuta yale yale, megawati ngapi, dola ngapi, waziri gani kakata utepe, halafu picha ya mapangaboi ya upepo yamesimama kwenye ardhi tupu. Hivi kweli ile ardhi ilikuwa tupu? Waliokuwa wanapitisha mifugo pale mbona kwenye picha hawapo?

Msinielewe vibaya, mi sipingi upepo wala sola. Ukame ukija wafugaji ndo wa kwanza kupoteza ng'ombe wakati hawana hata kiwanda kimoja cha kutoa moshi, kwa hiyo hao ndo wenye haraka kuliko sisi wote. Shida yangu ni kwamba tukishaona hakuna moshi tunadhani haki imeshatendeka.

Chukua Oktoba 2021 tu. Mwezi huo mmoja mahakama mbili, mabara mawili, zimesema karibu kitu kile kile. Norway, Mahakama ya Juu ikasema leseni za mashamba ya upepo kule Fosen, mapangaboi 151, ni batili maana yanavuruga ufugaji wa kulungu wa Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini kule, na ufugaji ule ndo utamaduni wao wenyewe unaolindwa na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia. Kenya nako, mahakama ya ardhi ya Meru ikasema hati za ardhi ya mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, ekari zaidi ya 150,000 kule Marsabit, hazikufuata utaratibu, ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha. Wakati huo mapangaboi 365 yalishazinduliwa tangu 2019. Na kule Norway baada ya hukumu mitambo iliendelea kuzunguka kama kawaida, mpaka vijana wa Kisami mwaka 2023 wakaenda kuziba milango ya wizara Oslo kuikumbusha serikali kwamba siku 500 zimepita. Yaani unashinda kesi halafu unaanza tena kuandamana ili ushinde!

Halafu kuna hili watu wengi hawalijui, umeme wa huo mradi wa Ziwa Turkana unasafiri zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa, kusini mwa Kenya, kwa laini ya kilovolti 400. Laini kubwa namna hiyo huwezi kuchomoa waya ukawasha taa kijijini, inahitaji kituo cha kupooza umeme kwanza, na hicho hakijengwi kama hakikuwekwa kwenye mpango tangu siku ya kwanza. Ndo maana mtu anaweza kuishi chini ya waya na bado anawasha kibatari. Mwenyeji angekuwa mezani wakati wa kuchora hiyo laini, unadhani asingeuliza?

Sasa angalia wenyeji wakishika usukani wenyewe. Canada, jimbo la Alberta, mwaka 2011 bomba lilipasuka karibu na kijiji cha Little Buffalo cha Walubicon Cree, wenyeji wa asili wa pale, mafuta ghafi kama mapipa 28,000 yakamwagika, shule ikafungwa maana watu walikuwa wanaumwa vichwa na kichefuchefu. Binti wa kijiji hicho, Melina Laboucan-Massimo, hakuishia kulalamika, 2015 yeye na wenzake wakafunga sola ya kilowati 20.8 inayolisha kituo cha afya. Ndogo sana najua, ila ni yao. Kubwa zaidi iko Fort Chipewyan, mji unaofikiwa na mto ambao umeshapita kwenye migodi ya mafuta na usio na barabara ya mwaka mzima, dizeli ya jenereta inakuja kwa barabara ya barafu wakati wa baridi na kwa matishari wakati wa joto. Jamii tatu za wenyeji wa asili wa pale zikaunda kampuni yao, 2020 wakamaliza shamba la sola la megawati 2.2 na umeme wanaiuzia kampuni ya umeme kwa mkataba wa muda mrefu. Dizeli haijaisha, kaskazini kule jua la Desemba ni la kuazima, ila hela ya umeme inabaki kwa wenye ardhi, na hiyo ndo tofauti ninayoipigia kelele.

Kichekesho ni kwamba Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili mwaka 2007, nchi 144 zilikubali, Canada ikapinga na Kenya haikuwa upande wowote. Azimio lenyewe linataka wenyeji waridhie kwa hiari yao, kabla mradi haujaanza, wakiwa wameelezwa kila kitu. Kuitisha baraza, kugawa soda na kukusanya sahihi za mahudhurio sio kuridhia jamani.

Kwa hiyo mhariri, waandishi wako wakienda tena kwenye uzinduzi, wakishaandika megawati waulize pia ardhi ilikuwa ya nani, wenyeji wana hisa asilimia ngapi, na nyumba iliyo karibu na mtambo inawaka nini usiku. Wakikosa majibu, andikeni kwamba wamekosa.

Msomaji wenu