Mwaka wa ziada bila pesa ya karo ni mwaka gani huo?

Mhariri,

Tangu mwisho wa Machi mwaka huu wa 2020 simu yangu haipumziki. Watu wa nyumbani Nandi na Uasin Gishu wananipigia kunipa hongera, eti watoto wetu wanaokimbia kwenye vyuo vya Marekani wameongezewa mwaka mzima kwa sababu ya hii korona, na kuna mzazi mmoja ameshaanza kuitisha harambee kwa WhatsApp. Naomba unipe nafasi niwaeleze wazazi vile mambo yako, kwa sababu habari imewafikia nusu na ile nusu iliyobaki ndio iko na pesa.

Kawaida ya NCAA, kile chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, mwanafunzi anapewa misimu minne ya kushindana ndani ya miaka mitano, na hiyo miaka inaanza kuhesabiwa siku anaingia chuo, ukiumia inahesabika, ukigonjeka inahesabika. Sasa Machi 12 wakafuta mashindano yote yaliyobaki ya msimu wa baridi na ya springi, yaani msimu unaofuata baridi, na Machi 30 baraza lao la Divisheni ya Kwanza, ile ngazi ya juu, likapiga kura kwamba wanamichezo wa springi wanaweza kurudishiwa msimu wao. Wanaweza. Ni ruhusa kwa chuo, sio amri, na chuo cha Wisconsin tayari wamesema wale wa mwaka wa nne wamalize waende zao.

Tena wale wa msimu wa baridi wameachwa nje kabisa. Mtoto wa dada yangu yuko mwaka wa nne na siku hiyo ya tarehe 12 alikuwa Albuquerque, New Mexico, mbio za taifa za ndani ya ukumbi, ambazo ni za msimu wa baridi, zilikuwa zianze kesho yake. Aliniambia alikuwa amelala chini kwa hoteli ameinua miguu ukutani, vile wakimbiaji hufanya kupumzisha miguu, spaiki, vile viatu vya mbio, ziko mlangoni ameshazifunga misumari mipya, kochi akaingia akasimama tu bila kusema kitu. Akajua. Kesho yake wakapandishwa ndege kurudi. Sasa kwa hesabu ya NCAA msimu wake wa ndani umeisha, umetumika, ilhali ule wa nje, wa springi, ambao hakuwa amekimbia hata mbio moja ndio wanaweza kumrudishia. Mimi hiyo nimeshindwa kuielewa, kijana amekimbia tangu Desemba kutafuta nafasi ya ile siku moja na hiyo siku ndio walifuta.

Lakini hata hilo ningelimeza. Kinachoniuma ni pesa. Ile kura ya Machi 30 inasema kwamba huyu wa mwaka wa nne akirudi, chuo kinaweza kumpa skolashipu ile ile aliyokuwa nayo, au pungufu, au sifuri. Na wazazi wengi nyumbani wanadhani kila mtoto aliyekuja kukimbia analipiwa kila kitu, sio kweli, mwaka huu wa 2020 timu ya wanaume ya riadha inaruhusiwa skolashipu 12.6 kwa timu nzima, kochi anazikatakata vipande, huyu nusu, huyu robo. Chuo nacho kinasema hakina kitu, na kusema haki mfuko umetoboka, NCAA walikuwa wagawie vyuo dola milioni 600 mwaka huu na sasa watatoa milioni 225 kwa sababu ile basketboli ya Machi inayoleta pesa haikuchezwa.

Mmarekani akikosa skolashipu anaweza kukopa ama atafute kazi mjini. Mtoto wetu yuko na viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, kazi kwa kawaida ni ndani ya chuo peke yake, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na saa hii vyuo vimefungwa, jikoni kumefungwa, maktaba imefungwa. Atafanya kazi wapi?

Haya siyasemi kwa kusikia. Miaka ya tisini nilivunjika mguu nikapewa mwaka wa tano na chuo changu, sitakitaja, wakanipongeza, nikapiga simu nyumbani tukafurahi. Agosti nikaenda ofisi ya fedha nikaambiwa skolashipu yangu iliisha Mei. Baba akauza ng'ombe wawili wa maziwa halafu akakodisha shamba, na mimi nikaosha trei kwa mkahawa wa chuo hadi usiku na kukimbia saa kumi na moja asubuhi. Msimu huo sikukaribia hata muda niliokimbia mwaka wa pili. Ule mwaka ulinirudishia nini? Baba alikaa miaka mitatu bila kupanda mahindi kwa shamba lake mwenyewe.

Kwa hivyo naomba hivi. Vyuo vilivyofaidika na miguu ya Wakenya kwa zaidi ya miaka 40, tangu enzi za mkimbiaji Henry Rono pale chuo cha Washington State, vikisema karibu tena viseme na kiasi cha pesa, na wanafunzi wa kigeni wafikiriwe kwanza kwa sababu hawana mlango mwingine. Pesa inaweza kutafutwa, chuo cha Iowa State makochi wenyewe wamekubali kukatwa asilimia kumi ya mshahara. Na nyinyi wazazi, tafadhali, msiuze kitu. Mtoto akikuambia amepewa mwaka, mwambie akutumie barua ya skolashipu iliyo na kiasi kimeandikwa, sio meseji ya kochi, barua. Kama hakuna, amalize digrii aombe ruhusa ya kufanya kazi mwaka mmoja vile sheria ya viza inamruhusu, na mbio ataendelea nazo hata bila jezi ya chuo.

Kochi wa mpwa wangu anataka jibu kabla mwezi huu uishe. Dada yangu ananiuliza kila jioni nimwambie nini kijana. Barua ya pesa haijafika.

Mjomba wa mkimbiaji,
Dallas, Texas
Aprili 2020